Sataranji Mikindani na ahadi niliyompa mama mmoja

Nimesahihisha tasnifu nyingi na kuketi kwenye majopo mengi ya watahini, lakini swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa liliulizwa nje ya duka dogo la Mikindani. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka wiki ile. Mama mmoja alinikuta pale, akanisalimu vizuri, akaniulizia watoto na safari, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Sasa Mwalimu, ule mchezo wako umemsaidia nini mwanangu?" Binti yake alikuwa ameanguka vibaya katika hisabati, na jina lake halikuwamo miongoni mwa waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia mama huyo, mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile, kwamba sataranji ingemfungua binti yake akili ya hesabu.

Nilijibu maneno ya kisomi ambayo hata mimi sikuyaamini, akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, kwa kuchelewa na mbele za watu.

Kwa wasioijua Mikindani: ni mji mkongwe wa bandari, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba ya mviringo ambayo majahazi yaliikimbilia tangu zamani kwa utulivu wake. David Livingstone alipita hapa mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Wajerumani walijenga Boma lao mlimani mwaka 1895. Siku hizi ni hoteli. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walibuni ule mradi wao wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu pale Mtwara, na Mikindani ikabaki na kumbukumbu zake. Kwa karatasi sisi ni sehemu ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kwa maisha ni kijiji: uvuvi, minazi, mikorosho, samaki wa kukaanga, na watoto wengi ambao baada ya shule hawana pa kwenda ila ufukweni. Gesi ya Mnazi Bay iliyo jirani yetu huenda Dar es Salaam kwa bomba lililozinduliwa mwaka 2015. Yaliyotokea Mtwara mwaka 2013 kwa ajili ya bomba hilo wasomaji wanayakumbuka, sina haja ya kuyafukua. Nayataja ili ieleweke kwamba watu wa kwetu wana kumbukumbu ndefu kuhusu watu wanaokuja na ahadi, wawe wageni au wenyeji waliokwisha kujigeuza wageni kama mimi.

Nilianza na mbao mbili za plastiki nilizonunua Kariakoo, nikaenda nazo likizo ya Juni. Mjini wengi husema chesi. Mimi nashikilia neno sataranji kwa sababu limo katika Kiswahili tangu zamani. Limekuja kwa Waarabu, walioupata mchezo kwa Waajemi, nao Waajemi waliupata India. Lugha yetu, basi, iliujua mchezo huu kwa jina kabla mimi sijapanda basi la Mtwara na mfuko wa plastiki.

Siku ya kwanza walikuja watoto 11 chini ya mwembe. Kete iliyo kama mnara hawakusubiri niitaje: waliiita Boma, kwa kuwa Boma wanaliona kila siku wakiinua macho. Farasi aliwatatiza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona farasi, wakaamua kwamba yule ni punda, na punda amebaki hadi leo. Kwenye kete ambayo Waingereza huiita askofu nilisita mwenyewe, nikakumbuka kwamba kwa Waarabu ilikuwa fil, yaani tembo, nikawapa tembo. Ulipofika wakati wa malkia, mvulana mmoja alipinga. Inawezekanaje mke wa mfalme aende popote anapotaka na mfalme mwenyewe aende hatua moja moja kama mgonjwa? Kabla sijafungua mdomo, binti mmoja alimjibu: "Kwani kwenu mwenye nyumba nani?" Walicheka wote, na yule mvulana pia. Wamakonde na Wamakua ni watu wa ukoo wa kikeni, na jibu lile halikuhitaji ufafanuzi. Niliiacha historia yangu mfukoni, kwamba kete hiyo ilikuwa waziri kwa Waajemi na ilipata nguvu zake za sasa huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Binti aliyejibu ndiye mwana wa yule mama.

Wazazi walipotaka kujua faida ya mchezo huu, niliwakusanya nikawaeleza. Mzazi asiye na uhakika wa chakula cha jioni hawezi kumwachilia binti yake saa mbili za alasiri, saa za kuteka maji na kuuza vitumbua, kwa sababu tu mtoto anafurahi. Nami nilitaka hasa wasichana waachiliwe. Kwa hiyo nilisema yale yanayosemwa kila mahali: sataranji huongeza uwezo wa hisabati, huleta umakini, hufaulisha mitihani. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye shahada ya uzamivu, na sauti hiyo, kwetu, ina uzito kuliko inavyostahili.

Ningesoma kwanza nisingesema. Mwaka 2016 ilitolewa ripoti ya utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza katika shule 100 za msingi. Shule zilizopangiwa mpango huo, kwa kura, ziliwafundisha sataranji watoto wa umri wa miaka 9 na 10 kwa saa zipatazo 30, nyingine hazikufundisha. Mwaka mmoja baadaye walipimwa kwa mtihani wa hisabati, na hakukuonekana tofauti yoyote baina ya makundi hayo mawili. Mwaka huohuo wanasaikolojia Giovanni Sala na Fernand Gobet walizipitia tafiti nyingi za aina hiyo, wakaonyesha kwamba nyingi hazikupangwa kwa namna inayoruhusu kutenganisha athari ya mchezo na athari ya kitu chochote kipya kinachowachangamsha watoto. Mtoto akifundishwa sataranji anajua sataranji. Akitakiwa kujua sehemu na desimali, inabidi afundishwe sehemu na desimali. Ni jambo ambalo yule mama angeniambia bila kusoma jarida lolote.

Najua kuna watakaonitajia Armenia, iliyoufanya mchezo huu somo la lazima katika shule za msingi mwaka 2011. Armenia ni nchi inayojivunia Mwarmenia Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Kule sataranji ni kama mpira wa miguu kwetu, na taifa lina haki ya kuwafundisha watoto wake kile linachokipenda. Hiyo ni sababu nzuri. Ila si sababu niliyowapa wazazi wa Mikindani.

Wenzangu wengine, nilipowasimulia haya, walisema basi niache. Hapo hatukubaliani, na mfano wangu uko karibu na nyumbani. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, kijana mmoja aitwaye Robert Katende, mchezaji wa mpira aliyekuwa amesomea uhandisi na aliyeujua umaskini kwa kuuishi, alianza mwaka 2004 kuwafundisha sataranji watoto ambao hawakutaka kucheza mpira. Baadaye alifika Phiona Mutesi, mtoto wa kama miaka tisa, akimfuata kaka yake ili apate kikombe cha uji kilichokuwa kikitolewa pale. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyokwenda alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 Mutesi aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul alipata sifa iliyomwezesha kupewa cheo cha kimataifa. Mwaka 2016 ikatoka filamu iliyoongozwa na Mira Nair, na Lupita Nyong'o akaigiza kama mama yake.

Filamu hiyo imewafanya wengi waamini kwamba sataranji ndiyo iliyofanya kazi. Mimi naisoma hadithi ile kwa namna nyingine. Naona uji. Naona mtu mzima aliyekuwa akifika siku hiyohiyo, saa ileile, mwaka baada ya mwaka, na aliyeshughulika na ada za shule, maradhi na kodi za nyumba za wazazi. Watoto wengi waliopita mikononi mwake hawakuwa mabingwa wa kitu chochote, na hawakufukuzwa kwa hilo. Ukiiondoa sataranji ukaweka ngoma au ushonaji, huenda mengi yangebaki. Ukimwondoa Katende, hakuna kinachobaki. Mimi nilikwenda Mikindani na mbao mbili, nikakaa wiki tatu, nikarudi chuoni kusimamia mitihani.

Nilikuwa na kosa jingine, na aliyenionyesha ni babu mmoja fundi wa bao. Nilipokuwa mtoto nilimkuta barazani, na sasa nina mvi ningali namkuta palepale. Nilipita mbele yake na mfuko wangu, nikamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia umewaletea watoto bao."

"Ndiyo babu. Sataranji."

"Letu limekosa nini?"

Nikakosa la kusema. Akaniuliza mashimo mangapi. Nikamwambia halina mashimo, lina vyumba 64. Kete je? Kete 32, nikamjibu. Akacheka hadi akakohoa. "Basi wamelipindua tu," akasema. Kweli bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Nimelicheza tangu utotoni na nimeitazama sataranji kwa miaka zaidi ya ishirini, na sikuwahi kuliona hilo.

Wasomaji wa bara wasiolijua bao vizuri wanadhani ni mchezo wa kupitishia muda. Kila mchezaji ana kete 32: huanza na 10 kwenye mashimo yake, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi, ambazo huzinamua moja moja kabla ya kuingia hatua ya mtaji. Fundi anapotia mkono shimoni ili kusambaza kete amekwisha kujua ya mwisho itaangukia wapi, itakula au italala, na kama itakula basi zilizoliwa zitaanzia kichwa kipi na zitafika wapi. Mzunguko mmoja unaweza kuzalisha mwingine na mwingine, na yeye ameuona wote kabla kete ya kwanza haijaanguka. Mholanzi Alexander de Voogt alipata udaktari wake Leiden mwaka 1995 kwa kuchunguza ujuzi na kumbukumbu za mabingwa wa bao wa Zanzibar. Mwalimu Nyerere alilipenda bao hadi uzeeni. Katika michezo ya SHIMIWI, watumishi wa wizara na idara za serikali hushindana kila mwaka katika bao pamoja na karata na drafti. Yaani katibu mkuu wa wizara anaweza kumpongeza mtumishi aliyeshinda bao, lakini mtoto akikutwa na bao shuleni huonekana mzembe aliyekosa kazi. Hapo nilikuwa nimefika mimi pia, kwa mlango wa nyuma: nilipita mbele ya hazina ya hesabu iliyo barazani petu nikaenda kununua nyingine Kariakoo, kwa sababu ile ya Kariakoo ina jina zuri kwenye maombi ya ufadhili.

Sisemi hivyo ili kuitukuza mila kwa ajili ya kuitukuza. Baraza la bao lina kasoro ambayo babu yule hawezi kuiona kutoka alipokaa: kwa desturi ni mahali pa wanaume. Msichana wa miaka 12 hawezi kwenda kuketi kati ya wazee na wavuvi akasema naomba zamu. Wavulana hujifunza kwa kusimama nyuma na kutazama, miaka mingi, hadi siku moja mmoja wa wazee aende msalani na mtoto aambiwe shika hapa. Wasichana hawana mahali pa kusimama. Na hapa ndipo ugeni wa sataranji unapokuwa na faida yake, pengine ndiyo faida yake kubwa kwetu. Haina baraza. Haina wazee wake. Hakuna mtu Mikindani anayeweza kumwambia msichana kwamba huu si mchezo wa wanawake, kwa kuwa hakuna anayejua ni wa nani. Chini ya mwembe wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana kufikia wiki ya pili. Sikupanga hivyo.

Upande wa dini sikuufikiria kabisa kabla ya kwenda, jambo ambalo ni aibu kwa mtu aliyesoma madrasa ya palepale. Baadhi ya wazazi walikuwa wamesikia kwamba sataranji ni haramu. Hawakuyazua. Mwaka 2016 Mufti Mkuu wa Saudia alisema hivyo kwenye televisheni, na habari zikaenea dunia nzima (mwaka uliofuata, Desemba, mashindano ya dunia ya mchezo wa kasi yakafanyika Riyadh). Nilimwendea mwalimu wa madrasa nikiwa nimejiandaa kumweleza. Yeye ndiye aliyenieleza. Pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mchezo huu ni makruhu. Huwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimpitisha mtu wakati wa sala. Akatoa masharti mawili: pasiwekwe hata peremende kama dau, na azana ikianza kete ziachwe zilipo. Tulichagua Alhamisi na Ijumaa alasiri, siku ambazo madrasa yake hufungwa. Wanawe mwenyewe hajawaleta. Makruhu ni makruhu, anasema, na mimi simsumbui.

Kisha walikuja wadau. Sitalitaja shirika lenyewe. Walisikia kuna watoto wa kijijini wanaocheza sataranji kando ya magofu ya Mikindani, na picha yake ni rahisi kuiona hata kabla haijapigwa. Walileta fulana, mbao 10 mpya na mpiga picha. Watoto walipangwa ukutani penye mlango wa zamani wa nakshi, mahali ambapo hawajawahi kuchezea kitu chochote. Mtoto mmoja aliambiwa ashike kidevu kama anayefikiri. Baada ya siku mbili waliondoka, na miezi minne baadaye kete zilizosalia zilikuwa zinatosha mbao tatu. Sina chuki na picha; nimemwona Tunde Onakoya wa Nigeria akicheza saa 60 mfululizo katikati ya New York, Aprili 2024, ili kuwatafutia watoto wa mitaa ya Lagos fedha za elimu, na nilimshangilia. Lakini yeye alikuwa amekwisha kufanya kazi na watoto hao tangu 2018. Picha ilifuata kazi.

Jambo la kete zilizopotea lilitufundisha zaidi kuliko fulana. Watoto walijaza nafasi kwa vizibo vya soda, kama vijana wanavyofanya kwenye drafti, wakichora alama juu kwa kalamu. Baadaye fundi seremala mmoja alitupa vipande vya mbao. Nilijiuliza kwa nini sikuanzia hapo. Mtwara ni nyumbani kwa wachongaji wa Kimakonde. Ndugu zetu wanaochonga Mwenge, Dar es Salaam, huwauzia watalii seti nzima za sataranji za mpingo, wafalme wamebeba mikuki na malkia wamevaa shanga. Mkono wa Mmakonde umeichonga sataranji kwa miaka mingi kwa ajili ya meza ya mtu mwingine. Kumlipa mchongaji wa hapa kwa seti tano za mti wa kawaida, zisizo na shanga wala mikuki, si jambo linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Naomba niseme jambo kwa wenzangu wa vyuo na kwa maofisa elimu, maana najua baadhi husoma hapa. Tukitaka watoto wa vijijini wacheze sataranji, tusipitishe azimio wala tusianzishe mpango mkakati. Achilieni saa moja ya michezo kwa wiki iwe ya michezo ya kuketi, bao na sataranji pamoja. Mwiteni fundi wa bao wa kijiji, mlipeni posho kama mnavyomlipa mgeni wa semina, awafundishe watoto bao la kujifunza kabla ya lile la Kiswahili, na wasichana waketi naye mbele ya mwalimu bila kuona haya. Mtoto aliyezoea kuhesabu kete itakayoangukia shimo la nane hapati taabu kuelewa kwamba punda akitoka hapa atafika pale kwa hatua mbili. Nimeliona hilo kwa macho, ingawa, kwa kuwa nimeshajifunza, siliiti utafiti.

Wala tusimwahidi mzazi kitu ambacho hakipo. Hisabati ni miongoni mwa masomo yanayoangusha watoto wengi wa nchi hii, mwaka nenda mwaka rudi, na dawa yake inajulikana: walimu wa kutosha, madarasa yasiyofurika, vitabu, na chakula cha mchana. Ninapomwambia mama mwenye njaa kwamba mchezo wa kete utafanya kazi ambayo mwalimu wa hisabati angeifanya, namsaidia mwajiri wa mwalimu huyo kusahau kumwajiri. Hilo ndilo linalonikosesha raha katika ahadi yangu, kuliko hata kosa la kisayansi.

Mtoto wa kijijini anastahili kucheza mchezo mgumu na mzuri kwa sababu ni mgumu na mzuri. Watoto wa shule za gharama pale Masaki hawaulizwi sataranji itawapandisha alama ngapi. Wanaicheza Jumamosi na wazazi wao wananywa kahawa. Kwa nini mtoto wa maskini kila anachokigusa lazima kiwe dawa ya umaskini wake?

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta anapara samaki, akanipa kigoda. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, si kwa makusudi, lakini nilisema nisichokijua. Nikamwambia kuhusu shule zile 100. Alisikiliza huku anaendelea na samaki wake. Kisha akasema: "Kama mchezo haufundishi hesabu, Mwalimu, basi mtafutie wa kumfundisha hesabu."

Nimeshatoa mihadhara ya saa mbili isiyofikia hapo.

Binti sasa anasoma masomo ya jioni Mtwara mjini akijiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule wa QT, na kuna kijana wa chuo cha ualimu anayemfundisha hisabati Jumamosi kwa malipo ambayo sitayataja hapa kwa kuwa si makubwa. Nauli ya daladala ya kwenda na kurudi ni juu yangu, na mara mbili nimechelewa kuituma. Alhamisi alasiri huja chini ya mwembe akiwa na muda. Nilimuuliza kama angependa kuwafundisha wadogo. Akasema hapana, anataka kucheza. Mara ya mwisho nilipocheza naye alinila Boma lote mawili nikiwa natazama punda wake, na babu, ambaye siku hizi huletewa kiti chake karibu, aliniuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama huko chuoni hunipa mshahara kwa kazi gani.

Kinachotukwaza kwa sasa ni mahali pa kuhifadhia mbao masika yakianza. Shule ina kabati moja lenye kufuli, na limejaa fulana.